Mlango Usiofunguka Wenyewe

Ghorofa ya Tatu, Mlango wa Kijani,
Nyuma ya Karakana ya Seremala.
Jumapili, tarehe 12, mwezi wa tano.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi unachodai ni cha vumbi la kiwandani kimekuachia. Je, unakula vizuri? Lile jino ulilokuwa ukiahirisha kuling'oa, umeling'oa? Usinijibu kwa mzaha, nijibu kweli, maana mimi nikishaanza kuwaza huwa sina breki.

Sisi huku tuko hai. Nimeandika "tuko hai", nikayatazama maneno hayo, nikaona nisiyafute. Mama yupo, anakula na kugomba. Binti yako yupo, anakwenda shule, na mwalimu wake bado analalamika kwamba anauliza mpaka kengele inalia. Jina la Maswali limemganda. Kabla hujasoma zaidi, kaa chini, na ujue kwamba wote wawili wako salama. Nimeshindwa kukueleza haya kwa simu. Ningelia, nawe ungelia, na hakuna ambaye angemaliza sentensi.

Unaukumbuka ule mchezo wa kompyuta niliokudokezea, ukanicheka kwamba mtu mzima na kipara changu nakaa kuchora vikatuni? Ni mchezo wa kizamani, kama ile tuliyokuwa tukicheza kwa jirani tukiwa wadogo. Picha zake ni za miraba miraba, rangi chache, muziki wa ti-ti-ti. Shujaa ni msichana mwenye kofia nyekundu. Anazunguka kwenye kasri, anaongea na watu, anaokota vitu na kuvitia mkobani. Nilianza kujiburudisha tu, kupoza kichwa baada ya kutwa nzima kwenye mashimo ya lifti. Lakini sukari ya Mama ilipoanza kumwangusha, nikaugeuza kuwa darasa.

Unaijua sukari yake ilivyo. Ikishuka anatoka jasho, anatetemeka, anaongea mambo yasiyoeleweka. Mimi mchana niko kazini, na Maswali akitoka shule wanabaki wawili tu, yeye na bibi yake. Tangu ulipoondoka jambo hilo limeninyima raha. Basi ndani ya mchezo Mama nikamfanya Malkia. Malkia akianza kutetemeka, Shujaa amletee maji ya matunda. Akizimia asiitike, Shujaa asimtie kitu chochote mdomoni. Amlaze kwa ubavu, kisha akimbie kumwita Mganga wa Ngazini, ambaye ndiye yule muuguzi mstaafu wa ghorofa ya chini. Ukikosea, moyo mmoja unazimika pale juu ya kioo. Muuguzi mwenyewe aliukagua mchezo akaupitisha. Maswali aliucheza mpaka akawa anaimba majibu bafuni. Mama alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba nimemchorea pua kubwa.

Sasa sikiliza, dada. Jumanne mchana nilikuwa kwenye jengo moja la maofisi, nikapiga simu nyumbani kama kawaida yangu. Simu ya Mama haipatikani. Si ajabu, Mama na chaji hawapatani tangu zamani. Nikasimama mbele ya lifti niliyokuwa nimetoka kuitengeneza, nikapitisha mkono kuijaribu, na milango ikafunguka yenyewe. Hapo nikaliona kosa langu. Katika mchezo wangu milango yote inafunguka Shujaa akiigusa tu. Sikuweka komeo hata moja, kwa kuwa niliona yatamchosha mchezaji.

Na mlango wetu unaujua. Komeo liko juu kabisa. Mama ndiye aliyetaka likae huko kwa hofu yake ya wezi, na mimi ndiye niliyelipigilia. Kila siku Maswali akishaingia, Mama analisukuma. Mtoto hafiki hata akirukaruka.

Sijui nilifikaje nyumbani. Nakumbuka nilipanda ngazi nikiwa bado na kofia ya kazi, mkanda wa spana ukinipiga mapajani. Chini seremala alikuwa amewasha msumeno wake, na mtoto angepiga kelele mpaka akauke koo asisikike na mtu. Nikaugonga mlango kwa ngumi zote mbili. Kikanijia kisauti kutoka ndani: "Mjomba, nimeugusa. Nimeugusa kila mahali."

Hakuwa akilia. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Aliniambia Malkia amelala kwa ubavu na hajampa kitu mdomoni. Alisema Malkia, dada. Hakusema Bibi.

Nikamwambia alete kiti cha jikoni. Nikakisikia kikiburutwa, nikamsikia akipanda, kisha komeo likikwaruza bila kuteleza. Mimi ninayepaka grisi milango ya watu mji mzima, la kwetu sijawahi kulitia hata tone. Nilitaka kumfokea afanye haraka. Nikajiziba mdomo kwa mkono, maana angeanguka. Kukwaruza kule bado nakusikia nikifumba macho. Mwishowe likatoka, na muuguzi alikuwa ameshafika nyuma yangu kwa mshindo wa ngumi zangu. Yeye ndiye aliyemhudumia Mama pale sakafuni mpaka gari likaja kumchukua.

Hospitali walimtundikia dripu. Alipozinduka aliuliza ni nani kamvalisha lile gauni baya. Nikaangua kilio mbele za watu, na wala sioni aibu kukuambia.

Daktari anasema amebadilishiwa dozi, lakini hali hiyo inaweza kurudi. Alianza kunieleza ingekuwaje kama tungechelewa zaidi, akanitazama usoni, akaiacha sentensi njiani. Tangu siku hiyo naishi roho juu. Simu ikiita naruka. Isipoita ndiyo mbaya zaidi.

Komeo nimelishusha, sasa liko usawa wa kifua cha Maswali, na nimelipaka grisi mpaka linateleza kama sabuni. Kwenye mchezo nako nimeweka komeo. Jana nikamkalisha aujaribu. Hakumwendea Malkia kabisa. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akaufungua, akamsimamisha Shujaa pale kizingitini, akatoa mkono kwenye vitufe. Nikamwambia Malkia anamwita. Akanijibu, "Nikiondoka ukijifunga je?"

Na nyumbani ni vilevile. Akirudi shule anauacha mlango wazi na kuuegemezea begi lake la vitabu. Nilitegemea Mama atawaka. Huyu ndiye mama aliyekuwa akituamsha kitandani kuhakikisha tumefunga. Analipita begi, anakwenda zake jikoni.

Juzi Ijumaa nilitoroka kazini mapema. Nikaukuta mlango wazi kabisa, na safari hii haukuzuiwa na begi. Mama alikuwa ameleta kiti chake, kile asichoruhusu mtu kukikalia, akakitia katikati ya mlango, akakaa ameielekea ngazi, mkoba mapajani. Nikamuuliza anafanya nini hapo. Akasema anapunga upepo. Dada, wewe umekulia humu. Ngazini kwetu hakuna upepo.

Kwa hiyo sikuombi kitu cha kununuliwa wala cha kutumwa. Nakuomba wewe. Najua kazi uliyoipata ulivyoihangaikia, na sijui nilipataje uso wa kuandika maneno haya, lakini naogopa, na peke yangu siwezi tena.

Msalimie shemeji, na yule mama mwenye nyumba wako anayekupikia ukichelewa. Muuguzi anakusalimu. Mama anakusalimu, anasema nisikuandikie habari za kukutia wasiwasi, kwa hiyo ukiandika jitie hamnazo. Mungu akutangulie katika kila hatua, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Maswali naye anakusalimu sana. Amesema ana swali moja tu safari hii, na amenisimamia hapa begani kuhakikisha nimeliandika: mlango wa chumba unacholala huko, wewe mama yake, komeo lake liko juu au chini?

Ni mimi nikupendaye, mdogo wako,
yule yule uliyempa jina la Muoga.