Mlango wa Bani Unaotekenya

Ipuli, Tabora
Alhamisi, saa tisa alasiri

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Naamini mnaisoma barua hii mkiwa wazima, kikohozi cha Mama kimetulia, na mdogo wangu Tereza hawasumbui tena asubuhi kwenda shule. Mimi sina ugonjwa, ni uchovu tu, na huo nitaueleza mbele. Lakini kabla hamjafika mstari wa pili, naomba mmoja wenu avae buti kavu, aende sebuleni, azime meni swichi, umeme wote wa nyumba. Kisha arudi tuendelee.

Kama ni Baba ndiye anayesoma, najua hujainuka. Tafadhali Baba, inuka.

Nilipiga simu jana kwa ajili ya jambo hili, na wewe ukanicheka.

"Nizime taa? Themometa ya bani nitaisoma kwa pua?"

Nikakwambia mlango wa bani la kukaushia tumbaku una umeme. Ukasema, "Huo mlango unatekenya tu, kama mtoto. Nikivaa buti, unanyamaza." Nikauliza, na Mama je? Ukasema Mama ana mikono ya kusonga ugali, haisikii kitu. Nikamsikia Mama anacheka nyuma yako, na mimi nikacheka kidogo, Mungu anisamehe. Mwisho ukasema "sawa, sawa." Hiyo sawa yako naijua. Ni ya kumaliza maneno. Tangu hapo simu haipatikani, bila shaka imeisha chaji. Ndiyo maana naandika. Barua naikabidhi kwa mama mkatekista, aliyekuja mjini kumuuguza dada yake na anarudi Urambo kesho asubuhi. Nimemwomba asiondoke hapo nyumbani mpaka aone imesomwa yote, Mama akiwepo.

Sasa nawaeleza nilivyojua.

Tangu mwezi uliopita sisi wanafunzi wa umeme tumepelekwa kwa mafundi kujifunza kazi kwa vitendo. Asubuhi naamka kabla ya Shangazi, nachota maji, nafagia, ndipo natembea kutoka huku Ipuli mpaka Gongoni, mfuko wa vifaa begani. Siku nzima napanda ngazi na kushuka. Vidole vimechanikachanika kwa kuchuna waya. Jana nililala na sare, Shangazi akanivua viatu kama mtoto mchanga. Sisemi ili mnionee huruma. Nasema ili mjue kwamba ninachoandika sikukisoma tu kwenye daftari.

Fundi wangu anaitwa Mrisho, mtu wa makamo, mpole, ila hapendi kazi ya haraka. Ana leseni, na kila nyumba anayoifunga waya anaipima kwanza kabla ya kuweka sahihi yake. Juzi alinipeleka kwenye nyumba ya zamani, kuta nene za udongo, ile ya enzi ambazo wapagazi walikuwa wakitua mizigo barazani kabla ya kuendelea na njia ya Ujiji. Mwenye nyumba ni bibi mmoja, Bibi Ziada. Alituita kwa sababu ya taa ya uani. Nikaona kiu, nikaomba maji. Akaniambia:

"Friji hilo hapo, mwanangu. Ila vaa ndala kwanza, linauma."

Kweli, pembeni ya friji zilikuwa zimewekwa ndala, zimepangwa vizuri, kama zile za mlangoni msikitini. Kila anayetaka maji anazivaa, anafungua, anazivua, anamwachia mwenzake.

Fundi Mrisho akauliza, "Bibi, limeanza lini kuuma?"

"Ah, zamani! Tumeshaizoea tabia yake. Hata wajukuu wanajua."

"Na mjukuu akisahau?"

Bibi akamwangalia. "Akisahau linamkumbusha."

Watu wote barazani wakacheka. Fundi hakucheka. Alichukua testa, akagusa bati la friji, taa ya testa ikawaka. Akaenda moja kwa moja kuzima umeme wa nyumba nzima, Bibi akilalamika kwamba samaki wataharibika. Alipofungua soketi, tukakuta waya wa kijani na njano, ule wa ethi, umekatwa na kukunjwa ndani. Aliyefunga aliona hauna kazi, maana bila huo friji linapoza vilevile.

Fundi akanigeukia. "Skolastika, kazi ya huu waya ni nini?"

Nikajibu kama nilivyofundishwa: kila chombo chenye mwili wa chuma lazima kiungwe na waya wa ethi, uende mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyochimbiwa ardhini, ili umeme ukivuja upite huko na kikata umeme kishuke, usipite kwa mtu. Nilijibu vizuri sana. Nikiwa bado nayasema hayo, nikasikia sauti yako Baba, ya Jumapili ile uliponipigia kunisifu: "Taa yako inawaka vizuri, mwanangu, ila mlango siku hizi unanitekenya."

Buti zako ndizo ndala za Bibi Ziada.

Baba, kazi ile niliifanya vibaya. Likizo uliponiomba nikuvutie taa bani ili uache kuingia na chemli ya mafuta kila saa kutazama themometa, nilikuwa nimesoma muhula mmoja tu. Nilijua kuwasha taa. Sikujua kufunga umeme. Nilitumia waya wa kawaida wa nyumbani, nikaupitisha juu ya fremu ya mlango wa bati, bila bomba, na pale ulipopungukia nikaunga kwa kusokota na kuviringisha utepe mweusi. Bani likiwashwa, joto lile linalokausha jani mpaka kikonyo ndilo linalolainisha ngozi ya waya na utepe pia. Kanuni zinasema penye joto kali unaweka waya uliotengenezwa kuvumilia joto, na maungio hayafichwi, yanakaa ndani ya kisanduku. Zinasema pia kwamba mwanafunzi hafungi umeme bila fundi mwenye leseni kusimama naye na kupima. Hilo nililijua hata siku ile, nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa umeshawaambia watu wa kituo cha kununulia tumbaku kwamba binti yako ni fundi. Nilitaka iwe kweli haraka.

Mwalimu wetu husema taa kuwaka si ushahidi, maana hata kazi mbaya inawaka. Nilikuwa naandika maneno hayo kwa mwandiko mzuri bila kufikiri kwamba yananihusu.

Sasa ni masika. Uwanja wa bani umelowa. Baba una buti, lakini Mama huenda kuchochea tanuru peku, na Tereza humfuata. Ardhi kavu inafanya umeme utekenye. Ardhi yenye maji ni kitu kingine kabisa, nami siwezi kukiandika hapa. Na hata kama hakuna atakayegusa mlango, pale kwenye utepe waya ukitoa cheche, juu yake zinaning'inia fito zote za tumbaku ya mwaka huu.

Kwa hiyo nawaomba haya. Zimeni meni swichi, msizime kikata umeme kidogo cha bani peke yake, maana sina hakika kama niliunga upande sahihi, na kikata umeme kilichowekwa upande usio sahihi kinazima taa huku waya ukibaki na umeme. Msiuguse waya, msiukate, hata kama umezimwa. Tereza asikaribie mlango. Na jirani yetu Baba Yohana, aliyesema anataka na yeye nimvutie kama ulivyovutiwa, mwambieni hapana. Mwambieni ni mimi nimesema, na sababu mumpe. Msinisitiri.

Nilimweleza Fundi Mrisho yote siku ile ile, tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya nyumba ya Bibi. Niliogopa kwamba hatanijazia kitabu cha mafunzo, na bila kitabu hicho siwezi kufanya mtihani. Alifuta koleo kwa kitambaa.

"Umewaambia nyumbani?" akauliza.

"Bado."

"Basi kitabu tutakizungumza baadaye. Waambie kwanza."

Leo asubuhi akaniambia Jumamosi tunakuja wote wawili. Atakuja na kifaa chake cha kupimia, tutaichimbia nyumba fimbo ya shaba na kung'oa kila nilichofunga. Anasema nitang'oa mimi mwenyewe, yeye ataangalia, na hiyo ndiyo kazi atakayoiandika kitabuni. Sijui ataandika neno gani. Lakini hajakataa, na mimi nimelishika hilo.

Friji la Bibi Ziada limepona. Jana nilipopita alinionyesha, kalifungua peku, mkono umelowa maji ya kunawia, macho kayafumba. Lilipokaa kimya, alifumbua macho akaziangalia ndala. Akasema, "Sasa hizi nitazifanyia nini?" Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na baadaye sikujua kama yalikuwa ya kucheka.

Baba, najua nimekuaibisha mbele ya watu. Nakuomba radhi. Mama, nakuomba radhi na wewe, kwa mikono yako.

Nisalimieni bibi yangu mzaa baba, mwambieni salamu yake ya mwangaluka nimeikosa asubuhi hizi zote. Nisalimieni mjomba anayelinda ghala, na mke wa kaka aliyejifungua juzi, mtoto nitamwona Jumamosi. Tereza mwambieni nimemwekea penseli mbili.

Basi letu litaingia Urambo jioni, giza likianza kushika, na kutoka barabarani bani letu linaonekana. Likizo iliyopita nililitazama likiwaka taa, nikatembea polepole ili watu niliofuatana nao walione. Safari hii nitatazama tena, Baba. Nikiona chemli imening'inia mlangoni, nitajua umeme mmeuzima, nami nitakuja nyumbani nikikimbia.

Ni mimi binti yenu,
Skolastika