Kilo Thelathini na Nne

6 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko maabara? Sisi tunakohoa kwa zamu, mama yako akianza mimi namalizia. Habari njema ni kwamba nimeingizwa kwenye utafiti wenu wa dawa mpya ya kifua kikuu sugu. Nilipopanda mzani muuguzi akaniambia, "Mzee, toa hiyo nyundo mfukoni." Hata bila nyundo nilifika kilo arobaini na moja.

Mama yako amekataliwa. Kiwango ni kilo arobaini, yeye ana thelathini na nne. Dawa zote za hospitali zimeshashindwa kumponya, unajua mwenyewe. Wewe ni mtu wa humo humo, ongea nao.

Baba yako, fundi viatu

19 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo, na mama mfikishie shikamoo yake. Nilikwenda kwa daktari mkuu wa utafiti. Sikufika mbali. Anasema mtu mwepesi hivyo dawa hii inaweza kumharibia ini, kwa hiyo sheria haipindwi. Nililia chooni kisha nikarudi kazini. Mama asubiri awamu ya mwakani.

Wewe meza kidonge kimoja kizima kila asubuhi, usiruke hata siku moja. Makohozi yenu yanatufikia bila majina, ni namba tu. Nipe namba yako. Hairuhusiwi, lakini nipe.

Binti yako

4 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Namba yangu ni 417. Muuguzi huja kila Jumatatu kuhesabu vidonge, na hakijawahi kupungua wala kuzidi hata kimoja. Anasema mimi ndiye mwanafunzi wake bora.

Mama yako naye ameanza kula. Jana nilimwaga gundi sakafuni, akanigombeza mpaka pumzi ikamwishia. Nilifurahi kweli kweli. Anasema usisahau kuvaa barakoa.

Baba yako

11 Juni

Baba,

Shikamoo. Mnaendeleaje? Huku tunapanda makohozi yenu kwenye sahani ndogo ili tuone kama vijidudu bado vinaota. Mwezi uliopita sahani ya 417 ilikuwa karibu tupu, nikacheza peke yangu kati ya meza za maabara. Leo imejaa tena, imejaa kuliko mwanzo.

Vidonge vinapungua sawasawa, dawa ni ileile. Sasa nini? Na mama ameanza kula kwa sababu gani, baba? Niambie ukweli.

Binti yako

27 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nilijua utanishika, ndivyo ulivyo tangu utotoni. Kidonge tunakigawana nusu kwa nusu. Kisu changu cha kukatia ngozi hakikosei, huwezi kujua nani kapata kikubwa. Tangu tuoane hatujawahi kukaa mmoja anakula na mwenzake anatazama. Ningeanzia kwenye kidonge?

Nilidhani nusu ya dawa ni nusu ya kupona. Mama yako hajui kwamba umeshajua, na usimwandikie. Wiki hii hainuki kitandani.

Baba yako

9 Julai

Baba,

Leo sina salamu, nisamehe. Nusu ya dawa haiponyi nusu ya ugonjwa. Vijidudu vinaionja, vinaizoea, halafu haviiogopi tena. Nimeijaribu dawa kwa vijidudu vyako mara tatu, haiviui. Vya mama navyo naamini ni hivyo hivyo. Dawa nyingine hatuna, baba. Nimegonga kila mlango.

Nakasirika, halafu nakumbuka kwamba hata mimi ningekikata. Nimeomba ruhusa, nakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mwambie mama anisubiri.

Binti yako

22 Julai

Mwanangu,

Mama yako hakuweza kusubiri. Ametutoka Jumanne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Majirani wamenisaidia kumzika. Barua yako ilifika kesho yake. Nimeisoma mara mbili na nimeielewa.

Watu wa utafiti watakuja Jumatatu kuchukua vidonge vilivyobaki, kwa kuwa havinisaidii tena. Leo nilipoamka nilichukua kisu, nikakata kidonge katikati, nusu yake nikaiweka kwenye kisosi chake upande wake wa kitanda. Nikameza yangu. Maji nilipomaliza kunywa ndipo nikakumbuka. Sijakiondoa kile kisosi.

Njoo, mwanangu. Ila uje na barakoa yako, na ukifika usinikumbatie.

Baba yako