Sanduku la Bluu Lililozuiwa Melini

Melini, 4 Agosti

...basi hapo ndipo simu ilipokatika, Mama, hata shikamoo sikuwahi kukupa. Shikamoo. Baba hajambo? Mgongo wake je? Mimi ni mzima, tena nina furaha mpaka najizuia kucheka peke yangu, watu wasije wakadhani nimerukwa na akili.

Ndege sikuiogopa, maana mume wangu alinishika mkono tangu inaruka hadi inatua. Mama, vidole vyake! Na meli hii ni ghorofa tisa zinazoelea. Chumba chetu kina dirisha la duara na kitanda kipana kama uwanja.

Ila kuna jambo silielewi. Leo siku ya tatu ya fungate letu, na mume wangu hajakilalia hicho kitanda. Ananibusu, anasema anakwenda kupunga upepo, na asubuhi namkuta sitahani kwenye kiti, ameketi wima kama anayesubiri basi, macho mekundu. Mchana anasinzia mezani na kijiko mkononi. Nikimuuliza: "Hakuna kitu, malaika wangu." Halafu sanduku lake la bluu halijaletwa chumbani, wakati yangu mawili yaliletwa siku ile ile. Nikisema tukaulize, anajibu, "Achana nalo, nguo ninazo." Ana mashati mawili, Mama! Analifua moja, analivaa jingine.

Nimemkosea nini? Nipe akili.

Mwanao

Nyumbani, 5 Agosti

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima, mgongo wa baba yako unalalamika kuliko mwenyewe. Barua pepe yako nimeisoma mara mbili, cherehani imesimama. Ya tatu nikamsomea baba yako, nikaruka ya vidole.

Kwanza niliwaza ana mwanamke mwingine humo. Nikajiuliza, mwanamke gani huyo anayemwacha alale kitini? Baba yako anasema labda wewe ndiye unayekoroma. Nimemnyamazisha. Yeye akilala, majirani hudhani tunapasua mbao.

Usikae kukisia. Mke ni mwenye nyumba, hata nyumba ikiwa inaelea. Kaulizie hilo sanduku. Lakini mwambie kwanza, usimzunguke.

Mama yako

Nyumbani, 8 Agosti

Mwanangu, hujambo? Mbona kimya? Nimeshona mkono wa gauni la mteja nje ndani kwa ajili yako. Andika hata neno moja.

Mama yako

Melini, 9 Agosti

Shikamoo Mama, unisamehe. Tu wazima sote wawili, na hilo neno "wazima" leo naliandika kwa kulikazia.

Nilifanya ulivyosema. Nikamwambia, "Nakwenda kuulizia sanduku." Akasimama mlangoni.

"Usiende."

"Kuna nini humo? Maiti?"

Akacheka, kisha akalia. Mama, nilibaki nimeshika kitasa, sijui nikishike zaidi au nikiachie.

Kumbe akilala koo lake linaziba na pumzi inakatika. Ana mashine inayomsukumia hewa kwa bomba laini, anavaa barakoa puani. Daktari alimwambia aibebe mkononi kwenye ndege. Yeye akawaza pale kwenye ukaguzi wataitoa mbele yangu, akaifukia sandukuni chini ya viatu, pamoja na ekstensheni yake ya umeme. Na melini ekstensheni ni marufuku, wanaogopa moto. Walinzi wakalizuia sanduku mpaka mwenyewe aende kulifungua. Karatasi ya kumwita aliipata siku ya kwanza, akaichana.

"Ungesema umeolewa na mgonjwa," akaniambia.

"Na bila mashine unalalaje?"

"Ndiyo maana nakaa wima."

Nilichanganyikiwa, nimwonee huruma au nimpige! "Ungekata roho kitini, mama yako ningemwambia nini? Kwamba ulikuwa unapendeza?"

Siku mbili tulizunguka chumbani kama wapangaji wasiojuana, na ndiyo sababu ya ukimya wangu. Jana akavaa lile shati kavu, akasema, "Twende."

Ukumbi wa walinzi umejaa watu: huyu amezuiliwa pasi ya nguo, yule mishumaa. Mlinzi, mama mmoja mwenye sauti ya kengele, akatoa kiatu, akatoa kiatu, akatoa mashine. "Hii ya nani?" Watu wote wakageuka. Mimi nikafungua mdomo nimwokoe, lakini mume wangu akaniwahi: "Yangu. Bila hiyo sipumui vizuri nikilala."

Mzee mmoja nyuma yetu akadakia, "Kijana, yako inapiga mluzi? Yangu inapiga!" Wakaanza kulinganisha barakoa kama wasichana wanaolinganisha hereni. Bibi harusi nimesimama pembeni, nimesahaulika, sijui nicheke au nilie.

Ekstensheni imebaki kwao, wametuazima ya meli. Mume wangu amelala saa tisa mfululizo, kitandani. Mimi sikulala. Nilikuwa nahesabu pumzi zake, na kila moja nikaipenda.

Tutakuja kuwaona kabla mwezi huu haujaisha. Tuandalieni kitanda kilicho karibu na soketi. Sentensi hiyo ameniambia yeye niiandike, na ameisoma kabla sijaituma.

Mwanao