Mashine ya Kukaushia Shuka za Dada

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Shuka mbili za jana bado mbichi. Ya tatu imelowa leo asubuhi. Nimezitandaza juu ya viti, juu ya mlango, juu ya kabati la vitabu. Nimesogeza jiko la mkaa karibu nazo. Dada yangu Konsolata akakohoa mpaka nikalitoa nje. Tangu kiharusi cha Agosti hainuki kitandani, wala hawezi kujizuia. Nyumba inanuka moshi na mkojo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Deo, mwanawe, amepiga simu kutoka Kigali. Anakuja Jumamosi ya tarehe 22. Akikuta mama yake bado analala kwenye unyevu, anamchukua kwake moja kwa moja. Alisema kwa upole. Upole huo umenichukiza.

Dada ana miaka themanini. Tulipokimbilia Kongo nilikuwa na minne, yeye kumi na minne. Alinibeba mgongoni kuvuka mto Rusizi. Hakuuliza nina uzito gani.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeshindwa kukaa. Nimeteremka hadi karibu na mpaka wa Kongo, kwa mama mmoja anayeuza vitu vilivyotumika. Nyuma ya masofa nikaona mashine ya kukaushia nguo. Ya zamani sana. Rangi nyeupe imegeuka ya siagi, mlango wa kioo cha duara, maandishi ya Kiholanzi. Ilitoka nyumba ya masista, ng'ambo, Bukavu. Mama alikuwa akihifadhi maharagwe ndani yake.

"Papa, haiwakake," akaniambia. "Lakini panya haiingiake mule."

Nimeinunua. Wapagazi wawili wameipandisha mlima, wakiniuliza njia nzima jua limenikosea nini.

Alhamisi, 13 Novemba

Salum amekuja. Fundi wa redio na pampu, Mswahili wa hapa Kamembe, nywele zimeanza mvi. Hajawahi kufungua mashine ya namna hii. Mimi nilifundisha fizikia miaka thelathini, nami sijawahi.

Tumefungua mgongo wa mashine. Mkanda wa kuzungusha pipa umekatika. Waya wa joto umekatika mahali pamoja. Na njia ya hewa imezibwa na manyoya ya nguo, yameshikamana kama godoro. Meupe na kijivu. Nguo za masista, miaka na miaka. Nimeyashika mkononi muda mrefu kupita kiasi.

"Mwalimu, hii mashini haikufa," Salum akasema. "Ilinyongwa."

Jumamosi, 15 Novemba

Salum ameleta mkanda wa kinu cha muhogo kutoka Nzahaha, akaupasua kwa urefu. Umekaa. Waya wa joto ameuunga kwa bolti ndogo. Kidhibiti joto nimekijaribu mwenyewe: nikakifunga kwenye mfuko, nikakitumbukiza katika sufuria juu ya jiko. Kililia tiki, kikakata, maji yalipokaribia kuchemka. Nilifurahi kama mwanafunzi.

Tumewasha. Pipa limezunguka mara tatu, umeme ukakatika nyumba nzima. Dada akagonga ukuta kwa mkono wake mzima. Ndivyo anavyouliza siku hizi.

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua. Shuka nne.

Nimemkaripia dada kwa kulowesha. Aligeuza uso ukutani. Nimejiona mdogo.

Baadaye nikataka kufua blanketi lake la buluu. Akalishika pindo, akakataa. Ni hivyo tangu zamani: kabla ya kiharusi alikuwa akilifua mwenyewe, kwa mkono, na kulianika pindo likiwa juu. Ukaidi wa uzee, nadhani. Natembea toka mlangoni hadi dirishani. Vitabu vimefunguliwa, sisomi hata kimoja.

Jumatano, 19 Novemba

Inafanya kazi.

Kosa lilikuwa waya uliogusa bati. Salum ameusogeza na kuuvika gamba la kuzuia moto. Shuka moja, dakika hamsini. Imetoka ya moto, laini, haina moshi. Nimeifunika miguu ya dada. Akafumba macho. Salum alicheza hatua mbili katikati ya sebule.

"Masista banafufuka," akasema.

Nimebandika kanuni ukutani. Shuka moja kwa mara moja. Birika la umeme lizimwe. Bomba la hewa litoke dirishani. Chujio lisafishwe kila mara, bila kungoja lijae. Hiyo ya mwisho nimeipigia mstari.

Ijumaa, 21 Novemba

Shuka sita zimekauka, zimekunjwa. Nimezikunjua nikazikunja upya. Kilichobaki ni blanketi la buluu. Linanuka. Deo atamwinamia mama yake na kitu cha kwanza atakachonusa ni hilo blanketi.

Dada alipolala nimelitoa taratibu chini ya mkono wake. Nimelifua. Kesho mapema naliingiza kwenye mashine.

Jumamosi, 22 Novemba

Sitalala vizuri. Niandike.

Blanketi lilizunguka dakika ishirini. Kisha harufu ya plastiki inayoungua. Nikazima, nikafungua. Pindo lilikuwa limenata kwenye pipa. Nilipolivuta, likaacha kovu jeusi kwenye chuma. Ndani ya pindo kulikuwa na kifurushi cha nailoni, kimeyeyuka kama nta.

Nilijua kabla ya kukifumua. Mtu yeyote aliyekimbia nchi anajua karatasi hushonwa wapi. Koti langu lina kifurushi kama hicho kwenye bitana, upande wa kushoto, na sijawahi kumpa dobi koti hilo. Na bado sikuwaza kuhusu pindo lake. Mimi, kati ya watu wote.

Kadi yake ya ukimbizi. Cheti changu cha ubatizo, alichokibeba tangu nilipokuwa na miaka minne bila kuniambia. Vimegandana. Inasomeka nusu ya jina la baba, na neno Nyakarenzo, mahali nilipobatizwa.

Niligeuka, Deo yuko mlangoni. Mkononi valizi kubwa, tupu, ya kuwekea vitu vya mama yake.

"Mjomba," akasema, "ni bahati nyumba haikuungua."

Kweli. Nikampita, nikamwendea dada na lile donge. Nikamwambia nilichofanya. Alilipapasa kwa kidole gumba, pole pole, kama anasoma. Nikangoja alie. Alicheka, kwa nusu ya mdomo inayomtii.

Kisha akasema. Maneno yake yanatoka moja moja, lakini sote wawili tulisikia.

"Hii nilibebaka kusudi tukikimbia tena." Akapumzika. Akamtazama Deo, akaitazama valizi. "Siendi tena fasi ingine. Mushone pindo. Musitie kitu."

Deo akakaa juu ya valizi yake. Akanyoosha mkono kwenye shuka zilizokunjwa, akachukua ya juu, akainusa.

Jumapili, 23 Novemba

Salum amekuja baada ya sala ya adhuhuri. Tumelipasha pipa moto kidogo, plastiki ikalainika. Deo amevua saa, akaingiza kichwa na mabega ndani, akakwangua kwa mwiko wa mti.

"Polepole, bwana wa Kigali," Salum akamwambia. "Si sufuria ya ugali."

Deo akacheka humo ndani. Kicheko kilitoka kikubwa, kama cha mtu mwingine.

Alasiri amembadilishia mama yake shuka mwenyewe. Hakujua pa kushika. Dada alimwongoza kwa macho. Deo akasema atakuja kila mwezi. Hakuomba radhi, nami sikuomba. Ameondoka na valizi tupu.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua nyepesi. Shuka moja inazunguka. Mkanda wa Nzahaha unalia kidogo pipa linapoanza, kisha unanyamaza. Kovu limebaki, lakini halinati.

Blanketi limekauka humo asubuhi, nami nimelishona pindo. Mishono yangu ni mibaya. Dada amelipitisha kati ya vidole toka mwanzo hadi mwisho, akitafuta. Hakukuwa na kitu. Akalala.

Nimesafisha chujio. Manyoya ya leo ni ya buluu.

Koti langu liko msumarini. Nimeligusa upande wa kushoto. Karatasi imelia ndani. Sijaifumua.