Wa Ngomeni Asubiri

Anande,

Shikamoo zako za kwenye simu nimezichoka. Unanisalimia mbiombio kama mtu anayekatiza shamba la watu, ukishasikia marahaba tu unakata. Wewe mtoto akili unazo, haya huna. Mwenye haya hamtumii baba yake mgonjwa blanketi la tatu kwa basi, wakati miguu anayo na hilo basi anajua linapopakia abiria. Ndiyo maana leo nakuandikia. Barua huwezi kuikata. Na ndani ya bahasha kuna kitu nimekifunga kwenye karatasi ya daftari. Usikitupe. Nitakifikia.

Mwandiko usiucheke. Darasa la nne nililoishia unalijua, na wewe mwenyewe kusoma saa ya ukutani nilikufundisha mimi.

Unakumbuka ulivyokuja kukaa kwangu? Tulikuwa tumemzika mama yako, udongo haujakauka. Ulipanda huku mlimani na begi moja la nguo, na ile mashine yako ya gemu umeizungushia kitenge cha mama yako kama kichanga. Nikakuambia, "Huku tunalima kahawa, hatuchezi." Ukaichomeka kwenye televisheni yangu ya mapambio, ukakaa chini, ukashika pedi yake ya kubonyezea, ukawasha. Nami nikavuta kigoda na sinia la ndizi nikakaa nyuma yako nimenye, maana mtoto aliyefiwa haachwi peke yake hata akiwa mkaidi.

Ndipo nikamwona yule binti wa farasi, nywele kasuka mkia mmoja, nchi pana mbele yake na mlima wenye theluji kuliko wetu.

"Huyu anakwenda wapi?"

"Kumtoa mama yake, Bibi. Wamemfunga kwenye ile ngome kule juu."

"Sasa mbona anachuma uyoga?"

"Ni kazi za pembeni hizi. Si lazima, unafanya ukipenda."

"Mama yake yuko kifungoni, yeye anachuma uyoga! Huyu ni mshenzi."

Ukacheka. Toka mazishi ulikuwa hujacheka. Basi tangu siku hiyo nikawa namtukana yule binti makusudi, nikusikie.

Na alistahili kutukanwa. Mara ashindane mbio za farasi na watu asiowajua. Mara apande mnara, akimaliza apande mwingine uleule, mawe yaleyale, ngazi ileile. Mara awachape majambazi wanaokaa kuzunguka moto, na tukipita kesho yake wamekaa tena palepale, nyama ileile motoni. "Wamefufuka?" nikakuuliza. "Wanarudi, Bibi, ndivyo mchezo ulivyo." Na yule mzee aliyepotelewa na mbuzi saba! Mlimtafutia, mkamrudishia, kesho kasimama njiani analia mbuzi wamepotea. Nikakuambia huyo hana haja ya kutafutiwa mbuzi, ana haja ya kufundishwa kufunga zizi.

Kila nikiuliza ngomeni mnakwenda lini, jibu lako lilikuwa moja. "Atasubiri, Bibi. Ngome haianzi mpaka nifike. Hata nikikaa mwaka mzima na mbuzi, mama yake nitamkuta vilevile."

Nililisikia jibu hilo miaka mitatu na sikulisikia. Subiri, maziwa yanapanda.

Nimerudi. Nisamehe hapo juu pana tone. Leo siwezi kukaa kitako, tangu nimeanza barua hii nimeinuka mara nne. Nimefagia ua uliofagiwa. Nimehesabu kuku, na kuku ninao sita, wa kuhesabu nini.

Sasa usije ukasema Bibi anachukia kurudia. Mimi ni mtu wa kahawa. Mti mmoja wa kahawa unaurudia mara nne, mara tano kwa msimu, kwa sababu buni haziivi siku moja. Unachuma nyekundu, za kijani unaziachia. Baada ya wiki mbili unarudi kwenye mti uleule, tawi lilelile, mgongo uleule unaouma. Hiyo ni kazi na imemsomesha baba yako. Lakini nikikuona unachuma za kijani ili tu mikono isikae bure, huku nyekundu zinadondoka chini na kuoza, nitakuchapa na hilo tawi. Na ndicho unachofanya huko Dodoma. Unatengeneza simu za watu mchana, Jumamosi unapamba kumbi za harusi, Jumapili unaimba kwaya mbili. Baba yako alipopata kiharusi mvua zile za masika, ukatuma blanketi. Kisha ndara. Kisha fimbo ya kutembelea. Kisha redio, na redio nyingine, na nyingine tena. Chumba chake pale Kijenge mjini kimekuwa duka. Redio anazo tatu na mtu wa kuongea naye hana, isipokuwa Mama Baraka mpangaji wake, anayempikia uji, naye ana watoto wake watano wa kulisha.

Najua kwa nini huji. Nilikuwepo.

Ile Krismasi nyumbani kwangu, mbuzi kaliwa, watu wamekaa, wewe uko pembeni na farasi wako. Baba yako akanyanyuka, akachomoa waya, akasema mbele ya ukoo mzima, "Mama yako alikufa anakuita, na wewe ulikuwa umeshika hiyo pedi." Hukulia. Uliweka pedi juu ya televisheni taratibu, kama unaweka yai. Kesho yake asubuhi ukashuka mlima na begi lako, mashine ukaiacha.

Nami nilifanya nini? Nilikuwa namenya ndizi nikaendelea kumenya. Bibi yako huyu, anayemsema hata mchungaji, siku hiyo alinyamaza. Haya, nasema leo. Mimi ndiye niliyekuwa kitandani kwa mama yako siku ile, baba yako alikuwa kafuata dawa. Hakuita mtu. Asubuhi alikuambia, "Nenda kacheze kidogo mwanangu, umechoka. Sauti ya farasi wako inanipumzisha." Ukaenda chumba cha pili ukapunguza sauti, naye akaniambia, "Mwambie aongeze." Nikakuambia ukaongeza. Akageukia ukutani akalala, hakuamka. Alikufa anasikia kwato. Baba yako hakuwepo, na ile Krismasi alisema alichokuwa anajipigia nacho mwenyewe kifuani kwa sababu yeye ndiye aliyekosekana, akakirusha kikakupata wewe.

Sasa lililobaki ni langu, na ndilo linaloninyanyua kila dakika kwenye kiti hiki.

Pasaka iliyofuata baba yako alikuja. Langoni hakuingia. Alisimama nje na sale mkononi, kalikata na kipande cha shina, jani kalifunga fundo. Nyie watoto wa siku hizi mnadhani masale ni ya kuwekea mpaka wa shamba tu. Ukiletewa sale umeombwa msamaha, na halikataliwi. Hata aliyeuliwa ndugu hulipokea. Na aliyekosa halipeleki mwenyewe, hupeleka mtu wa kati. Akaniambia, "Mama, nipelekee kwa Anande. Mimi mdomo wangu ulishaharibu."

Nikalipokea. Alipoteremka nikasema moyoni, acha kwanza akome. Mtu aje nyumbani kwangu amvunje mtoto mbele ya watu, halafu mimi nikimbie Dodoma na jani lake siku hiyohiyo? Wapi! Nikalichomeka kwenye tope pale langoni lisikauke, nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo kahawa ikaiva. Halafu paa la kanisa. Halafu goti. Halafu kuku wakapata kideri.

Na halafu, Anande, nikawasha mashine yako. Usicheke nimesema! Nilianza kwa kuifuta vumbi. Siku moja mvua ikanifungia ndani nikabonyeza kama nilivyokuwa nakuona ukibonyeza, yule binti akapanda farasi. Siku ya kwanza alinitumbukia mtoni mara tisa. Sasa hivi minara yote nimepanda mimi. Majambazi wananijua. Yule mzee nimemrudishia mbuzi wake mpaka nimewapa majina. Mama Baraka alinifumania siku kaja kuchukua ndizi, akasema, "Bibi, na wewe?" Nikamwambia namlindia mjukuu wangu mahali pake. Uongo. Nilikuwa nashika pedi kila mara nikipita langoni na lile sale likanigusa sketi.

Maana liliota. Nililichomeka likashika mizizi. Limenifika kiunoni na lina machipukizi matatu.

Wiki iliyopita nilishuka Kijenge. Baba yako maneno yanamtoka kwa taabu na kila nikienda yamepungua. Kijiko anakiita "kile", mlango anauita "kile", mimi bado ananiita mama, na jina lako bado analo. Nilikuwa namnywesha uji, akanishika mkono, akasema, "Mama. Anande. Sale. Ulimpa?"

Nikakoroga uji.

Akaniangalia sana. Kisha akasema, "Alikataa." Akapumzika, akatafuta neno jingine, akalipata. "Ana haki."

Umesikia hilo? Zaidi ya miaka miwili baba yako analala na kuamka anaamini mwanawe kaletewa sale akalikataa, kitu ambacho sijawahi kukisikia kwenye mlima huu. Na kila unapotuma redio anadhani unamlipa asije akakudai sura yako. Na wewe huko unaamini hajawahi hata kuomba. Na katikati yenu nimekaa mimi na mbuzi saba.

Na unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Kunywa uji." Nikakunja blanketi lililokunjwa, nikaosha vikombe visafi, nikatoka. Njia nzima ya kupanda nilikuwa naongea peke yangu hadi dereva wa bodaboda akaniuliza kama naumwa.

Nilipofika niliwasha mashine nikampanda farasi moja kwa moja hadi chini ya ngome. Sikupita kwa mzee wa mbuzi. Mlango upo, mkubwa, ukibonyeza kitu kimoja unafunguka. Sikubonyeza. Nikakaa pale, na ndipo lile jibu lako nikalisikia. Ulikuwa humkwepi mama wa yule binti. Ulikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo mama wa mtu anasubiri. Nami nilikaa nyuma yako miaka mitatu nakuita mvivu, kumbe ulikuwa unamtunza.

Mwanangu. Kule hakuna siku, wewe ndiye uliyenifundisha. Huku zipo. Huku baba yako leo ana jina lako na kijiko hana, na sijui kesho ataamka na lipi.

Fungua karatasi. Hilo jani nimelikata leo asubuhi kwenye mti wa langoni, ule aliouleta kwa mkono wake kabla mkono haujafa. Fundo nimefunga mimi ila sale ni lake. Ukilishika umeshalipokea, na sasa hivi unalishika, nakujua. La kwangu mimi nitakuomba msamaha nikikuona uso, kwa kalamu sijui.

Kesho asubuhi nashuka Kijenge kumwambia hukukataa, kwamba ni mama yake aliyekaa nalo. Atanitazama vibaya na anitazame. Sitakunja blanketi lolote.

Wewe unafanya hivi. Harusi za Jumamosi waachie wengine, maua hayajawahi kukosa mtu wa kuyafunga. Ijumaa panda basi la kwanza. Usibebe redio, usibebe ndara, usibebe kitu. Ukifika Arusha usipande kwangu kwanza kwa kisingizio cha kunisalimia, wala usipitie sokoni kununua matunda. Nenda Kijenge. Ingia umeshika hilo jani mkononi, si ndani ya pochi, alione kabla hujasema neno, ili yeye asihangaike kutafuta la kwake. Mwambie umelipata juzi.

Yule wa ngomeni asubiri. Jumapili baada ya ibada tutamwendea wote, baba yako tumweke kwenye kiti chenye mto, na mlangoni utabonyeza wewe. Sauti uiongeze.

Sasa inuka ukakate tiketi.

Mimi bibi yako, niliyechelewesha