Bei ya Mashua Imeshuka

Jeudi, magaribi

Na imeshuka! Kila mutu alisema bei ya nafasi mu mashua ya kwenda Kinshasa haishukaka hata siku moja. Papa Bosco, bwana yangu, alitaka nilipe yote siku ya kureserver nafasi. Nililipa avance tu, kipande kidogo cha kutanguliza, sababu niliona maji ya mto iko inapanda. Maji ikipanda, mashua mingi inafika, na bei inaanguka.

Lakini niliogopa. Kama wangeuzishia mutu mwengine nafasi yangu...

Leo mashua tatu zimefika ku port. Karani wa mashua akadai bei ya zamani. Nikamuambia: "Tonton, avance iko ya kulinda nafasi, haiko ya kufunga bei." Watu ku port wakacheka. Akapunguza.

Bon. Sasa hivi Papa Bosco ameniuliza, pole pole, kama anunue bati ya nyumba yetu sasa ao angojee bei ishuke. Mimi sijui kitu juu ya bati. Nikamujibu sawa vile kapitene: "Ngojea."