Mashine Iliyoitika Shikamoo

Mfaranyaki, Songea

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Neno hilo nimeliandika na kulifuta mara mbili, usinielewe vibaya. Heshima yako iko palepale. Ni kwamba wiki hii neno lenyewe linanitia kinyaa, na nikimaliza kukusimulia utajua kwa nini. Miguu yako vipi, bado inavimba? Na mbuzi wako mwenye kikohozi amepona? Mimi mwili mzima, ila chakula hakishuki vizuri. Nakuandikia karatasi, Zuhura atakusomea, maana simu sitaki hata kuitazama.

Nilishakwambia kinu chetu cha unga kina bosi mpya, mtoto wa yule mzee, anayekaa Dar. Huyu alitaka kinu akiendeshe kwa simu, awashe na kuzima akiwa kwenye sofa lake. Akamleta bwana mmoja wa viatu vyeupe, eti mtaalamu, akachomeka kisanduku chenye laini ya simu kwenye kompyuta inayoendesha mitambo, akamaliza kabla chai haijapoa. Nikamwambia, ndugu yangu, mashine hii ni ya zamani, haiulizi ni nani anabisha hodi; ikiambiwa washa, inawasha. Kama lazima iingie kwenye mtandao, iwekewe mlango katikati, kila mtu awe na paswedi yake, na isiwake mpaka mtu aliyeko hapa akubali. Akacheka. Akaniita fundi wa enzi za mkaa.

Jina la kuingilia na paswedi akaweka neno moja kwa wote. Bosi alisema iwe shikamoo, maana anapenda kuamkiwa hata na waliomzidi umri. Haikupita wiki, anaijua dereva, anaijua shemeji wa bosi, anaijua hata muuza chapati wa getini. Wakawa wananitania, fundi, mashine umeshaiamkia leo? Nami nikacheka nao, Mama. Hilo nalo linanichefua.

Sasa kuna Mama Skola, mtu wa Mpitimbi, anayesafisha parafujo kubwa inayosukuma mahindi. Ananiita mwanangu na kila Jumatatu ananiletea viazi vya kuchemsha. Hapo kwenye mashine kuna ufunguo mmoja. Anayetaka kuingiza mkono ndani anauzungusha, anauchomoa, anakaa nao. Ukiwa naye, hakuna awezaye kuwasha. Mama Skola huufunga kwenye pindo la kanga anayovaa ndani ya ovaroli. Jumanne asubuhi alifanya hivyohivyo. Akaingiza mkono, na parafujo ikaanza kuzunguka.

Nilifika mbio nikakata umeme kwenye swichi kubwa. Vidole viwili vilikuwa vimeshakwenda. Mahindi yalikuwa mekundu, na meneja, Mungu nisamehe, akauliza kama yale ya chini bado yanafaa kusagwa. Nilitaka kumtapikia viatuni.

Alipopelekwa hospitali nikafungua kabati la nyaya. Yule bwana alikuwa ameunga waya dairekti, ili ufunguo usimzuie bosi akitaka kuwasha kwa simu. Ufunguo umebaki pambo, na hakumwambia mtu yeyote. Nikafungua kumbukumbu za kompyuta nijue nani aliwasha. Imeandikwa: aliyeingia, shikamoo. Basi. Awe bosi, awe shemeji, awe muuza chapati, wote wana jina moja. Kila niliyemuuliza aliapa kuwa si yeye.

Kesho yake meneja akaniletea fomu ya ajali, imeshajazwa. Chanzo: mfanyakazi alisahau kuchomoa ufunguo. Ilibaki sahihi ya fundi umeme tu, yaani mimi. Nisiposaini nitafute kazi kwingine. Nikisaini, Mama Skola ndiye mwenye kosa, na haki yake ya kuumia kazini imeishia hapo. Nikamwambia nipe muda, nikaenda hospitali.

Nilimkuta amelala ubavu, mkono una bandeji mpaka kwenye kiwiko. Kwa mkono wa kushoto akaivuta kanga yake chini ya mto, damu imekaukia humo, akanionyesha pindo. Fundo lilikuwa halijafunguliwa.

"Mwanangu, ufunguo huu hapa," akasema. "Waambie sikusahau."

Nisalimie mjomba mwenye mikorosho, mwambie namuombea mavuno mema. Shangazi mkunga naye nampa pole ya safari za vijijini. Na wewe Zuhura, mdogo wangu, unayesoma hapa, usimpunguzie Mama hata neno moja kwa kumhurumia.

Utauliza, Mama, ile fomu nimeifanyaje. Njiani kurudi niliwaza wewe na jiko letu lisiloezekwa, nikasimama kwenye daraja dogo muda mrefu. Halafu nikaingia ofisini, nikakata maneno yao kwa kalamu, nikaandika juu yake: Mashine iliamkiwa kwa simu, ikaitika marahaba. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kanga ya Mama Skola na mpaka leo upo. Nikasaini jina langu lote pamoja na la marehemu baba, nikapeleka nakala kwa mkaguzi wa kazi kwa mkono wangu.

Ijumaa nakabidhi vifaa. Niwekeeni mkeka.

Mwanao,
Rashidi